Mtu mzima na matofali ya kuchezea: tuangalie kwanza, ndipo tuhukumu



Jumapili moja baada ya ibada, mama shemasi mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni pa ofisi akiwa na simu mkononi. Hakutaka kuketi. Alinionyesha picha iliyotoka Ubelgiji. Ndani yake alikuwa mtoto wake wa kwanza, mwanaume wa miaka 42, baba wa watoto watatu. Ameketi mezani, anatabasamu, na mbele yake kuna ngome kubwa ya plastiki yenye minara, milango na watu wadogo wadogo juu ya kuta.

"Pasta," aliniambia, "huyu ni mtoto wangu. Ako na miaka makumi ine na mbili, na anacheza na vitu vya watoto wa ekodim. Mujukuu wangu aliniambia bei. Na huku mudogo wake wamemurudisha nyumbani juu ya minerval. Niambie: ni ugonjwa, ni roho, ao ni mimi nilimulea vibaya?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba wiki mbili. Katika siku hizo nilisoma, niliuliza, na mwishowe nilizungumza kwa simu na kijana mwenyewe. Leo ninaandika kwa ruhusa yao wote wawili, kwa maana najua mama huyu si peke yake. Familia zetu nyingi zina mtoto Ulaya, Marekani au Kanada, na simu zinatuletea picha za maisha tusiyoyaelewa. Mara nyingi tunatoa hukumu kabla hatujauliza swali hata moja.

Matofali haya ni nini?

Jina lake ni LEGO. Ni vipande vya plastiki ngumu. Juu ya kila tofali kuna vinundu vya mviringo, na chini yake, ndani, kuna mirija. Ukiweka tofali moja juu ya lingine na kukandamiza kidogo, vinundu vya la chini vinabanwa kati ya mirija na kuta za la juu. Hakuna gundi wala msumari. Ukitaka kubomoa, unavuta tu, na vipande viko tayari kwa kazi nyingine.

Siri iko katika vipimo. Tofali lililozoeleka lina vinundu 8, urefu wa milimita 32, upana wa milimita 16 na kimo cha milimita 9.6. Vipo pia vipande vyembamba, na vitatu vyake ukivipanga vinalingana kabisa na kimo cha tofali moja. Makosa yanayoruhusiwa kiwandani ni madogo kuliko unene wa unywele. Kwa hiyo tofali lililotengenezwa mwaka 1958 bado linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. Mwalimu mmoja wa hesabu kule Copenhagen, Søren Eilers, alihesabu kwamba matofali 6 tu ya vinundu 8, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Basi fikiria mtu aliye na matofali elfu tano.

Seremala wa Billund

Mambo haya yalianza katika kijiji cha Billund, nchini Denmark, kwa seremala aliyeitwa Ole Kirk Christiansen. Alizaliwa mwaka 1891 katika familia maskini ya shamba. Mwaka 1916 alinunua karakana ya useremala, akawa anajenga nyumba na kutengeneza madirisha, milango na vyombo vya nyumbani. Alikuwa Mkristo wa Kilutheri, mtu wa uamsho uliojulikana kwa jina la Indre Mission, yaani utume wa ndani ya nchi. Ulikuwa uamsho wa watu wa kawaida, wakulima na mafundi, waliokutana kusoma Neno na kuomba.

Maisha yake hayakuwa laini. Mwaka 1924 watoto wake wawili walichezea moto karibu na maranda, karakana na nyumba vikaungua. Alijenga tena. Kisha likaja anguko la uchumi wa dunia, wakulima wakakosa pesa, kazi ya ujenzi ikakauka. Mwaka 1932 mke wake Kristine alifariki, akamwachia wana wanne. Katika mwaka huohuo alianza kutengeneza vitu vidogo ambavyo watu wangeweza kununua: ngazi, meza za kunyoshea nguo, na vitu vya watoto vya mbao. Mwaka 1934 aliipa kazi yake jina LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, maana yake "cheza vizuri".

Kuna habari moja ambayo Wadenmark hupenda kuisimulia. Mwanawe Godtfred, akiwa bado kijana, alirudi kutoka stesheni ya treni akiwa na furaha. Bata wa mbao waliokuwa wanapelekwa kwa mteja alikuwa amewapaka vanishi mara mbili tu badala ya mara tatu, na hivyo ameokoa pesa. Baba yake hakufurahi. Alimtuma arudi stesheni, alete sanduku lile, awapake bata wote mara ya tatu peke yake, hata kama itachukua usiku mzima. Mteja asingejua, lakini baba alijua.

Mwaka 1942, wakati nchi yao ilikuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani, kiwanda kiliungua tena chote. Alianza tena. Baada ya vita alinunua mashine ya kuyeyusha na kufinyanga plastiki, na mwaka 1949 wakatoa matofali ya kwanza. Tuseme ukweli, wazo la tofali la plastiki halikuanza kwao. Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa amelitengeneza mbele yao. Ila matofali ya mwanzo hayakushikana vizuri, kwa sababu ndani yalikuwa tupu. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa mirija ya ndani, na Godtfred aliiandikisha rasmi tarehe 28 Januari 1958. Baba yake alifariki mwezi wa 3 mwaka huohuo.

Sisimulii haya ili mtu aseme, "Aliomba, ndiyo maana akatajirika." Wengi wameomba kama yeye, na karakana zao zimeungua, na hawakupata kiwanda. Nasimulia kwa sababu mama shemasi alidhani mchezo huu ni kitu cha watu walioshiba wasiojua shida. Kumbe ulitoka mikononi mwa mjane mwenye watoto wanne, fundi aliyeona jasho lake likigeuka majivu zaidi ya mara moja.

Watu wazima walirudi vipi?

Kwa miaka mingi matofali haya yalikuwa ya watoto tu. Mtoto alipofika miaka 13 au 14 aliona haya mbele ya rafiki zake, akayaweka chini ya kitanda. Wapenzi wa matofali wana jina la miaka hiyo ya kuacha: wanaiita "enzi za giza". Kisha mtu anaoa, anazaa, ananunulia mtoto sanduku la kwanza, na usiku mtoto akiisha kulala baba anabaki mezani. Hivyo ndivyo wengi wanavyorudi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wa mama shemasi, ila yeye hakuwa na matofali utotoni. Kwake haikuwa kurudi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Intaneti iliwakusanya watu hao waliokuwa wamejificha kila mmoja nyumbani mwake. Mwaka 2000 lilifunguliwa soko liitwalo BrickLink, ambapo mtu wa nchi moja anaweza kumuuzia wa nchi nyingine hata kipande kimoja kilichopotea. Kampuni yenyewe, iliyokuwa karibu kuanguka kwa hasara katika miaka ya 2003 na 2004, iligundua kwamba hawa watu wazima si kichekesho. Kuanzia mwaka 2008 ilitoa seti za majengo maarufu, wazo lililoletwa na msanifu majengo wa Chicago, Adam Reed Tucker. Tangu mwaka 2020 masanduku mengi yanaandikwa wazi 18+, yaani ni ya watu wenye miaka 18 na zaidi. Ukumbi wa michezo wa kale wa Roma una vipande 9,036, na mnara wa Eiffel wa Paris una 10,001, ukisimama mita moja na nusu hivi. Ngome ile niliyoiona katika picha ilitoka mwaka 2022 na ina vipande 4,514.

Wanafanya nini hasa?

Wapenzi hawa si wa aina moja. Wapo wanaojenga kwa kufuata kitabu cha maelekezo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayefuma sweta kwa mfano. Wapo wasiotaka kitabu. Hao wanabuni wenyewe treni, bandari, makanisa, hata mji mzima. Wapo wanaotafuta seti za zamani tu, kwa sababu utotoni waliziona dirishani mwa duka na wazazi hawakuwa na pesa. Na wapo wanaonunua na kuweka masanduku bila kuyafungua.

Kazi yenyewe ina nidhamu yake. Aliyezoea atakuambia usipange vipande kwa rangi, panga kwa umbo. Katika ndoo ya vipande vyekundu tupu, kile kidogo unachotafuta hutakiona. Katika ndoo ya vipande vya umbo moja, rangi inajionyesha yenyewe. Atakuambia usiache jengo juani, maana plastiki nyeupe na ya kijivu hugeuka njano. Atakuambia uoshe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Kuna hata kifaa kidogo cha kutenganisha vipande vilivyokazana, ambacho kimeokoa kucha na meno ya wengi.

Na kosa moja dogo chini, kinundu kimoja tu pembeni, linajulikana ukifika juu: paa haifungi. Hapo hakuna njia ya mkato. Unabomoa mpaka pale ulipokosea, unaanza tena. Nilipomuuliza kijana kwa nini anapenda kazi ya namna hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Pasta, mimi nafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee. Nikitoka huko siwezi kulala palepale. Miaka ya kwanza nilikuwa napewa vidonge. Sasa nikiketi na vipande vyangu saa moja, kichwa kinatulia. Na tena, hiki ni kitu kinachoweza kubomoka bila mtu kufa."

Alikimbia kwetu akiwa kijana mdogo. Wasomaji wa mashariki mnajua ni miaka gani, na mnajua vitu gani alivyoviona vikibomoka. Sikumuuliza zaidi.

Je, Paulo alikataza?

Mama shemasi anajua Biblia yake. Alinikumbusha 1 Wakorintho 13:11, pale mtume anaposema kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Ni andiko zito, na tulisome vizuri. Sura ile yote ni habari ya upendo. Mistari inayozunguka inazungumza juu ya kujua kwetu, kwamba sasa tunajua kwa sehemu tu. Neno la Kigiriki alilolitumia, nepios, ni la mtoto mdogo ambaye hata kusema bado hajui vizuri. Wakorintho waligombania vipawa, kila mmoja akijiona mkubwa. Huo ndio utoto ambao Paulo anataka tuuache. Sura inayofuata, 14:20, anafafanua: katika akili tuwe watu wazima, katika uovu tubaki watoto wachanga. Basi mtu anaweza kuvaa koti na tai, asiguse mchezo wowote, akawa nepios kwa wivu na ugomvi wake.

Andiko jingine lililonigusa ni Zekaria 8:4-5. Nabii anasema na watu waliotoka uhamishoni Babeli, mji wao bado una magofu. Anawaonyesha dalili ya siku ambayo Bwana atarudi kukaa Sayuni. Hataji jeshi wala ghala. Anataja wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi katika njia za mji, kila mmoja na fimbo yake kwa sababu ya uzee, na njia hizohizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Mahali watu wanapozeeka na watoto wanapocheza, pana amani. Kumbe mchezo unahesabiwa katika ahadi.

Najua baadhi yenu mnasoma haya mkiwa katika familia za kupokelewa, au chini ya mahema, na mnaweza kuuliza kama si dhihaka kuzungumzia vitu vya kuchezea wakati huu. Nami nilijiuliza. Lakini nimeona watoto wa wakimbizi wakitengeneza magari kwa makopo ya sardini na waya, na vizibo vya chupa vikiwa matairi. Nimeona wababa waliopoteza mashamba wakicheza dame chini ya mti kwa vizibo hivyohivyo, na mmoja akicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Hakuna aliyewaambia kwamba wameiacha imani. Mikono iliyonyang'anywa kazi inatafuta kitu cha kushika. Wa hapa anashika kizibo, wa Ubelgiji anashika tofali.

Lakini pesa je?

Hapa mama shemasi alikuwa na haki, na sikutaka kumtuliza kwa maneno matamu. Ngome ile ilipotoka bei yake ilikuwa karibu Euro 400. Kwa familia ya kwetu hiyo ni minerval ya watoto, tena zaidi ya mmoja. Zipo seti za bei mara mbili ya hiyo: chombo kimoja cha sinema za Star Wars, kilichotoka mwaka 2017 na vipande 7,541, kiliuzwa Marekani kwa dola 800 hivi.

Tena kuna wale wanaoweka masanduku bila kufungua. Kampuni ikiacha kutengeneza seti fulani, mara nyingi bei yake katika soko la mitumba inapanda. Watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walichunguza bei za seti zaidi ya 2,000 za kati ya mwaka 1987 na 2015, wakaona kwamba kwa wastani zilipanda kama asilimia 11 kwa mwaka. Basi watu wengine walisikia hiyo asilimia na kusahau neno "wastani", maana seti nyingine zilishuka vibaya. Leo kuna vyumba vilivyojaa masanduku mpaka dari, na hakuna aliyejenga kitu. Ni kitu cha kuchezea ambacho hakuna mtu anayekichezea. Mfano wa tajiri na ghala zake katika Luka 12 hauko mbali.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, mama shemasi alitikisa kichwa kwa nguvu. Ndipo nikamwuliza kwa heshima, "Mama, katika maleti yako kuna vikwembe vingapi ambavyo havijashonwa?" Alinitazama, kisha akacheka mpaka akafuta macho. Wapendwa, kila mtu ana sanduku lake lisilofunguliwa. Wamama wana vikwembe. Wababa wana mechi za mpira wa Ulaya, na pesa ya kutabiri matokeo ambayo hawaitaji nyumbani. Sisi wachungaji tuna vitabu ambavyo hatujavisoma.

Kwa hiyo maswali ninayoyaweka hapa hayamhusu mpenzi wa matofali peke yake.

La kwanza: nani anabaki bila kitu ili mimi nipate hiki? Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wamemtolea Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Kama hata sadaka haiwezi kuwa kisingizio cha kuwaacha wazazi, tofali haliwezi. Lakini tuseme na upande wa pili. Mtoto aliye Ulaya si kisima kisichokauka. Analipa nyumba, joto la kipupwe, kodi na masomo ya watoto wake. Kumhesabia kila Euro anayotumia kwa kupumzika nako kunaweza kuwa dhuluma.

La pili: naweza kuacha? Mtu anayeficha bei kwa mke wake, anayekopa ili anunue, anayekasirika watoto wakikaribia meza yake, huyo hana tena kitu cha kuchezea. Kitu ndicho kinachomchezea yeye.

La tatu: je, kinanikutanisha na watu au kinanitenga nao? Kijana alinieleza kwamba watoto wake wanapanga vipande kwenye ndoo, na binti yake wa miaka 9 ndiye anayegundua makosa. Jirani yao mzee, Mbelgiji ambaye kwa miaka 6 hakuwahi kuwaambia zaidi ya "bonjour", siku moja aliona jengo dirishani, akagonga mlango. Alikuwa na sanduku la zamani darini. Sasa huja kila Alhamisi.

Kanisa lililojengwa tofali kwa tofali

Juu ya kukutana kuna mfano mmoja mkubwa unaotuhusu kama makanisa. Katika mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, kuna kanisa kuu la kale lililoanza kujengwa mwaka 1093. Mwaka 2013 walihitaji pesa ili kufungua vyumba vyao vya kale na kuonyesha hazina zao. Wakaamua kujenga mfano wa kanisa lao kwa LEGO. Kila aliyetaka alitoa pauni 1, akapewa tofali moja, akaliweka kwa mkono wake mwenyewe kwa maelekezo ya wajitoleaji. Watoto waliweka, wazee waliweka, wageni waliopita nao waliweka. Mwaka 2016 kazi ilikamilika: matofali 300,000, pauni 300,000, na mfano wa urefu wa karibu mita 4. Baadaye makanisa makuu mengine ya Uingereza, kama Chester na Exeter, yalifuata njia hiyo.

Hatuhitaji kununua plastiki ili tujifunze hapo. Parokia zetu zinajua kubeba mawe na mchanga begani baada ya ibada, na wamama kubeba maji. Ila mara nyingi tunapotangaza michango ya ujenzi tunasoma kwanza majina ya waliotoa mamia ya dola, na yule mwenye franka 500 anainamisha kichwa. Kule Durham hakuna tofali lililokuwa kubwa kuliko lingine. Ningependa siku moja tujenge hivyo.

Simu ya mwisho

Baada ya wiki mbili niliketi na mama shemasi, tukampigia kijana pamoja. Waliongea habari ya minerval wazi, kwa mara ya kwanza bila kuzunguka. Kijana alikiri kwamba ngome aliinunua kwa pesa ya zamu za ziada, na kwamba ujumbe wa mdogo wake aliuona akanyamaza kwa aibu. Alisema atalipa kwa miezi mitatu, na kwamba tangu sasa ni sanduku moja kwa mwaka, na vipande vingine atanunua vya mitumba. Mama naye alikubali kwamba hakuwahi kumwuliza mtoto wake kama analala usiku. Mambo yote hayakwisha siku hiyo, lakini yalianza kusemwa.

Kabla ya kukata, kijana alituma picha nyingine, ambayo alikuwa hajamwonyesha mtu. Haikuwa seti ya dukani. Alikuwa ameijenga kwa kukumbuka, bila kitabu: nyumba ndogo yenye kuta za kijivu, paa jekundu, mti mmoja wa avoka, na benchi mbele ya mlango. Ilikuwa nyumba ya baba yao, ile iliyoungua.

Mama aliishika simu karibu na macho. Nilidhani atalia. Akasema, "Jiko haikukuwa pembeni. Ilikuwa nyuma, karibu na muavoka. Na mulango ilikuwa inaangalia kwenye barabara."

Kule Ubelgiji tukasikia sauti ya vipande vikitenganishwa. "Hapa, mama?" aliuliza. "Sogeza kidogo," akajibu. Niliwaacha hapo, nikaenda kufunga mlango wa kanisa.

Bwana awabariki, na awape amani katika njia za miji yetu, wazee waketi na watoto wacheze. Amina.